Kigoda cha Mkwe Asiyeketi

Mmeniuliza wote, na Mwadime peke yake ameniuliza mara tatu kwa siku moja: kwa nini tangu nirudi kutoka Kisii, mtu akija dukani kwangu kushonesha suruali namwambia kwanza aketi? Nimechoka kujibu nusunusu huku nina pini mdomoni. Basi nimeandika. Someni mpaka mwisho, kisha mniache nifanye kazi.

Mambo mengine mnayajua. Mnajua kwamba mimi ni fundi wa jicho. Mtu akipita mbele ya duka langu hapa Voi, kabla hajafika kwa muuza samaki nimeshajua kiuno chake. Mnajua pia kwamba mke wangu Kemunto, mwalimu wa darasa la pili, ni binti wa Mzee Ogeto wa Keumbu, huko Kisii, na kwamba mzee huyo nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya kujitambulisha, niliporudi Voi nikamshonea suti bila kumgusa kwa tepu. Siku ya mahari nikampelekea, ikamkaa kama aliyezaliwa nayo. Hilo nimelisimulia kwenye kila harusi tuliyohudhuria, na baadhi yenu mmeanza kutoka nje nikilianza.

Nisilolisimulia ni hili: mzee aliivaa akiwa amesimama. Siku ya kujitambulisha alisimama. Tulikaribishwa vizuri sana, tukapewa kuku, wimbi, na maparachichi makubwa ambayo sijayaona tena maishani (nilikula matatu), lakini mzee alisimama mlangoni ameegemea mwimo mwanzo hadi mwisho. Siku ya mahari wajomba zangu wakaketi, wazee wa kwao wakaketi, yeye akasimama. Mara mbili nyingine nilizokwenda nilimkuta amesimama na nikamwacha amesimama. Wajomba waliporudi walisema, "Mkweo amekupokea kwa miguu." Nanyi, kwa wema wenu, mkanibandika jina la Mkwe wa Kusimama. Nilicheka pamoja nanyi. Nyumbani sikucheka. Miaka minne mtu hajawahi kuketi nawe, hata kwa dakika moja, huhitaji barua kujua anakuonaje.

Mwezi uliopita Kemunto, tumbo lake la pili likiwa limefika miezi minane na safari haziwezi, akaniambia, "Nenda Nyamira kwa Mzee Momanyi, anachonga vigoda. Mwambie achonge kimoja cha baba. Halafu umpelekee baba wewe mwenyewe."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ni mkwe."

Nikadhani ananipa nafasi ya kujipendekeza. Nikajiambia moyoni: hiki ndicho kipimo. Nikimpelekea kigoda kwa mikono yangu na bado asimame, basi nimeshajua nilivyo katika nyumba ile, na sitakwenda tena.

Nyakoe: Macho yangu yanashtakiwa

Kutoka Voi hadi Kisumu ni treni, na treni mnaijua. Kutoka Kisumu nilipanda basi, nimevaa bugaluu yangu mpya ya rangi ya maziwa, pana chini kiasi cha kufagia barabara. Nilitaka wakwe wajue kwamba binti yao ameolewa na mtu anayekwenda na wakati.

Tulipofika Nyakoe, Kisii ikiwa pua na mdomo, gurudumu likapasuka. La akiba lilipotolewa, nalo lilikuwa na tundu. Dereva akasema ni dakika kidogo, akaondoka na gurudumu kwa baiskeli ya mtu, hatukumwona kwa saa tatu. Mvua ya mchana ikashuka. Tukakimbilia veranda ya duka moja sokoni, abiria na wauza ndizi tumebanana, tukila mahindi ya kuchoma.

Mbele yangu alikaa mama mmoja na mtoto wa miaka miwili hivi, na mtoto amevaa koti ambalo aliyelishona anastahili kufungwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umepachikwa kulia na wa kulia kushoto, mtoto amejikunja kama anayekumbatia mtungi. Sikuweza kuondoa macho. Nikalifumua kichwani, nikalishona upya, nikalifumua tena.

Yule mama akamfunika mtoto gubigubi kwa shuka.

"Wewe mgeni," akasema, "macho yako iko na kazi mingi. Angalia mvua."

Watu wakanigeukia. Mzee mmoja muuza kamba akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtu aliyekanyaga kaburi, kwamba kule kuna watu ambao macho yao humdhuru mtoto, ngozi ikamwasha mpaka akaugua. Nikasema mimi ni fundi cherehani, naangalia koti tu.

"Ule wa mwaka jana alisema naangalia kofia tu," akasema mama.

Ikabidi nijitetee kwa sindano. Nilimwomba anipe koti lile nilitengeneze bure. Akalitoa chini ya shuka, mtoto akabaki ndani. Nikafumua mikono yote miwili. Sasa nikahitaji urefu wa mkono wa mtoto, na kumtazama nimekatazwa.

"Pima," akasema mama, "lakini macho kwa mvua."

Basi hapo veranda ya Nyakoe, mbele ya watu thelathini, nilipenyeza mkono chini ya shuka nikapima bega la mtoto kwa shubiri na vidole, uso wangu umeelekea barabarani. Mtoto akanishika kidole akakivuta. Nilipima bega, kiwiko, kifundo. Nikashona. Koti likaingia chini ya shuka, na baada ya muda mtoto akatolewa akiwa ameinua mikono yote miwili juu. Watu wakapiga makofi. Mama akanipa ndizi sita na akaniruhusu nimtazame mtoto kidogo. Jambo lililoniudhi, marafiki zangu, ni kwamba lile koti lilimkaa vizuri kuliko suruali zenu ninazozipima kwa macho.

Kisii: Chai ya Fundi Salimu

Niliingia Kisii jioni, bugaluu yangu haina tena rangi ya maziwa kuanzia magotini kwenda chini. Nilifikia kwa Fundi Salimu, ambaye babu yake alifika mji ule kwa biashara akaoa hapo hapo, na ambaye cherehani yake iko verandani mkabala na magunia ya ndizi. Tulifahamiana kwa barua, kuhusu vitambaa. Alinitazama miguuni akauliza, "Ndugu yangu, hiyo ni suruali au umevaa mahema mawili?"

Mkewe akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi na mahamri ya moto. Nilipokwisha kula, Salimu akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia.

"Sikiliza," akasema. "Mimi Muislamu wa mjini, lakini mama yangu ni Mgusii, nimelelewa na hizi sheria. Huku kuna kitu inaitwa ensoni. Ni aibu, lakini aibu ya heshima. Mtu na mkwewe hawazungumzi habari ya mwili. Ukimkuta mtoni anaoga, hukumkuta. Akikohoa, umesikia upepo. Mtoto na mzazi wake vile vile."

"Na mimi nitazungumza habari gani ya mwili? Napeleka kigoda tu."

"Kigoda cha Mzee Ogeto," akasema polepole.

"Unamjua?"

"Namjua kwa kusimama," akasema, akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikammwagikia, na sikumtoa neno jingine. Mkewe alikuwa mlangoni, naye akaingia ndani haraka akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Nililala nimekasirika. Kumbe sifa zangu zimefika mpaka mjini, nikawaza, hata huku wananiita Mkwe wa Kusimama.

Asubuhi Salimu akanitafutia nafasi kwenye lori lililopeleka chumvi na sabuni Nyamira.

Nyamira: Nakalishwa kwenye udongo

Nyumba ya Mzee Momanyi iko kwenye mteremko, migomba juu, mto mdogo chini. Nilimkuta kibarazani na tezo ya kuchongea mkononi, mzee mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Pembeni alikaa mkewe, Mama Bosibori, akipachika shanga kwenye kiti cha mtu, moja moja, akizigonga zizame ndani ya mti. Macho yake yana ukungu. Shanga anazitambua kwa ncha ya kidole, na rangi anamwuliza yeyote aliye karibu. Alipojua kwamba mimi ni mume wa mjukuu wa rafiki zake wa zamani, wazazi wa Mzee Ogeto, akapiga kelele ya furaha.

"Kumbe wewe ni bwana yangu! Umekawia wapi? Huyu mzee ameanza kunichosha."

Kule bibi na mume wa mjukuu huruhusiwa kutaniana hivyo, na huyu mama alikuwa ameisubiri ruhusa hiyo kwa muda mrefu.

Nikaeleza nilichotumwa. Kigoda cha Mzee Ogeto. Mama Bosibori akaacha kugonga shanga. Kisha Momanyi akauliza, "Anakaaje?"

Nikatoa daftari langu kwa madaha, nikamsomea: kiuno inchi thelathini na nne, makalio thelathini na tisa, urefu wa mguu...

"Sikuuliza ni mkubwa kiasi gani. Nimeuliza anakaaje."

"Mzee, mimi mtu nikimtazama..."

"Wewe unashonea watu wamesimama," akasema. "Mimi nachongea watu wamekaa. Hao si mtu mmoja. Kuja."

Akanipeleka nyuma ya nyumba, penye shimo la udongo laini aliouteka mtoni, umelainishwa kwa maji na kufunikwa kwa jani la mgomba. Akaondoa jani.

"Keti."

"Hapa?"

"Kila mtu naketi hapa. Hata chifu aliketi."

Nikafikiria bugaluu. Nikamfikiria Kemunto. Nikaketi. Udongo wa Nyamira ni baridi, na hauombi ruhusa. Momanyi akaniambia nizungumze habari yoyote mpaka nisahau kwamba nimeketi, nikamweleza habari za treni. Kisha akaniinua, akapiga magoti, akafumba macho, akapitisha viganja vyake taratibu katika shimo nililoacha. Kuna mambo mtu hapendi kuyaona akiwa hai, na mojawapo ni mzee wa watu akipapasa alama ya makalio yako kwa heshima kubwa namna ile.

"Unakalia kulia," akasema. "Mguu ya kulia nakanyaga mashini. Mgongo yako inauma hapa chini, upande wa kushoto, lakini hujaambia mtu."

Sikuwa nimemwambia mtu. Hata Kemunto hajui, isipokuwa sasa anasoma.

"Bwana yangu," akasema Bosibori kutoka kibarazani, "matako yako haijui kuficha siri!"

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa fundi wa miaka kumi na mitano, nimeona makalio ya wilaya nzima, na yangu nilijulishwa siku ile.

"Sasa," akasema Momanyi, "keti kama Mzee Ogeto."

"Siwezi. Sijawahi kumwona ameketi."

Nikawaeleza yote: miaka minne, mlango, wajomba. Momanyi akatazama tezo yake. Bosibori akafungua mdomo, mumewe akamwambia neno moja la Kigusii, akaufunga.

"Basi simama kama yeye," akasema Momanyi. "Hiyo umeona."

Hiyo nilikuwa nimeiona, na jicho langu halisahau. Nikaenda kwenye mlango wao nikausimamia kama mkwe wangu. Bega la kulia kwenye mwimo. Kidevu juu, kwa dharau niliyoikumbuka vizuri. Mkono wa kulia umeshika fremu juu, mguu wa kulia umenyooka, wa kushoto umetangulizwa mbele kidogo, kisigino hakigusi chini sawasawa. Nilifurahi, nikawa namwigiza kwa uchungu wangu wote. Bosibori akapapasa goti langu na kiuno, akacheka, "Ni yeye! Ni yeye kabisa!"

"Kaa hapo," akasema Momanyi, akarudi kwenye kazi yake.

Dakika za kwanza ilikuwa mchezo. Kisha mguu wa kulia ukaanza kuwaka moto. Nikataka kuhamishia uzito kushoto, nikakumbuka kwamba yeye hakuhamisha hata mara moja, nikavumilia. Mkono nilioshikilia fremu ukaanza kutetemeka, nikatambua kwamba haukuwa umeegeshwa pale kwa maringo. Ndio uliobeba mwili. Kidevu kilipanda chenyewe, kwa sababu mtu akijivuta hivyo kwa mkono shingo hukaza. Ile dharau yote niliyoibeba miaka minne ilikuwa ni shingo iliyokaza. Jasho likanitoka. Mguu wa kushoto peke yake ulikuwa umepumzika, umelindwa na mwili mzima, kama kitu kinachouma.

"Mzee," nikasema pale mlangoni, "huyu mtu hasimami. Huyu mtu hawezi kukaa."

Momanyi hakuinua kichwa. "Mimi sijasema kitu," akasema. "Mama Bosibori, umesema kitu?"

"Mimi kipofu. Nimeona nini?"

Lakini kwa kuwa nimejua mwenyewe, na yeye ni bibi yangu wa utani, ulimi wake ukafunguka. Nyonga ya kushoto, akasema. Mzee alianguka. Watoto wake hawawezi kuitaja, mkewe hawezi kutuma mtu kwa ajili yake, mwenyewe angekufa kabla ya kuagiza kigoda cha udhaifu wake. Kanisani wamemweka mlangoni kupokea wageni kila Sabato, na watu wanasema hakuna mzee mwenye bidii kama yeye. Matangani anasimama, wanamsifu kwa heshima. "Kemunto ni mjanja," akasema. "Alitafuta mtu wa kuleta maneno bila kujua maneno. Asiyejua hana ensoni."

"Alianguka wapi?"

"Kwa mti. Mparachichi. Mtu mzima anapanda mti kama tumbili! Wageni wa Kemunto wanakuja kujitambulisha wiki ile, ati anataka yale makubwa ya juu kabisa."

Niliwaambia nilikula matatu. Niliketi kwenye ule udongo bila kuambiwa, na bugaluu sikuikumbuka.

Nilikaa pale siku tatu. Momanyi alishusha gogo lililokuwa juu ya moshi wa jiko tangu enzi, akalichonga. Kila alipofika mahali pa kupima hakuniuliza vipimo; alinisimamisha mlangoni kama mkwe wangu, kisha akaniketisha kwenye udongo polepole nikiwa bado katika mwili ule, nyonga ya kushoto imelindwa, akafumba macho akapapasa. Nilikula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, chungu siku ya kwanza, na siku ya tatu nikawa naidai. Bosibori alipachika shanga, mimi nikimtajia rangi, na mara mbili nilimdanganya kwa makusudi kuona kama atajua. Alijua. Alionja kwenye sauti yangu, alisema, akanipiga kwa mwiko.

Njia ya Keumbu: Kila mtu ni fundi

Nilivuka vilima kwa miguu, kigoda kichwani. Lazima niseme ukweli: mchana, mbali na Momanyi, kilinitisha. Miguu mitatu, mmoja mfupi. Kitako kimezama kulia na kuteremka kushoto. Shanga zimepangwa vizuri ajabu juu ya kitu kilichopinda. Jicho langu lilikuwa linanisumbua kama lile koti la Nyakoe.

Sokoni Keumbu nilipumzika kando ya wanawake wauza ndizi na wapakizi wa lori, na ndipo mkutano ulipoanza. Mpakizi mmoja akaketi, akainuka upesi. "Hii kiti amelewa." Mama mmoja mnene akajaribu, akaegama kama ndizi inayodondoka, wenzake wakamdaka. Mzee mwenye baiskeli akasema fundi amenipunja, na kwamba shemeji yake seremala yuko hapo nyuma, ana msumeno, kwa dakika mbili atasawazisha miguu. Wote wakakubali kwamba ni jambo jema. Mmoja alishakishika kigoda kukipeleka.

Na mimi, marafiki, nilisitasita. Nilifikiria aibu ya kumpa mkwe kitu kilichopinda mbele ya watu. Kisha nikafumba macho hapo hapo sokoni, nikaegemea nguzo ya kibanda kwa bega la kulia, mguu wa kushoto mbele, nikajishusha polepole juu ya kile kigoda. Kikanipokea. Nyonga ya kushoto ikaning'inia bila kubanwa na kitu, uzito wote ukalala kulia. Niliketi pale kama mfalme. Nikafumbua macho nikawakuta wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyelewa pamoja na kiti chake.

Keumbu: Naangalia migomba

Alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa suti yangu, kwa sababu ilikuwa Sabato na wametoka kanisani. Mama mkwe akanisalimu kwa mbali, macho chini, kama inavyopasa, akaingia jikoni. Watu wengine walikuwa bado njiani.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu Nyamira. Nilitaka kusema najua, niliyala yale maparachichi, nisamehe. Nikamkumbuka Fundi Salimu: akikohoa, umesikia upepo. Basi nikaweka kigoda chini, karibu na mwimo ule ule, mguu mfupi upande wa kushoto, kama Momanyi alivyonielekeza.

"Kemunto amenituma," nikasema.

Nikamgeuzia mgongo. Nikatazama migomba. Niliitazama kama sijawahi kuona mgomba, nikahesabu majani, nikarudia kuhesabu. Nyuma yangu nilisikia suti niliyoishona mwenyewe, ile sufu ya kijivu, ikisugua mwimo taratibu kwenda chini. Sauti ya kitambaa changu naijua. Kisha mti ukapokea uzito, na mtu akatoa pumzi ndefu sana.

Sikugeuka. Machozi yalikuwa yananitoka, na migomba ya Keumbu ikawa inaogelea.

"Omoko," akaniita. Mkwe. "Geuka, bwana. Naongea na mgongo?"

Nikageuka. Ameketi. Uso wake, ambao miaka yote niliuona kwa chini, ulikuwa usawa wa kifua changu. Nikatafuta kiti haraka, nikapata gogo, nikaketi, na sasa tukawa macho kwa macho.

Akanitazama kwa muda. "Kumbe una sura," akasema. "Miaka minne nimeona utosi tu. Nilikuwa namwambia mama yake Kemunto, huyu kijana anaanza kipara."

Tulikula pamoja. Mwisho wa chakula mama mkwe akaleta maparachichi, madogo, ya chini ya mti. Nikamwona mzee ananitazama. Nikachukua moja tu, nikala polepole, nikasema ni tamu. Tukatazama migomba wote wawili.

Kurudi: Kifurushi

Siku ya kuondoka alinipa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na kamba ya mgomba. "Cha Kemunto," akasema, na wakati huu ni yeye aliyenigeuzia uso, akiangalia njia.

Kemunto alikifungua mezani. Ilikuwa ile suruali ya suti. Hakuna barua. Alinitazama, nikamtazama. Suruali niliyoshonea mtu anayesimama inabana nyonga mtu akikaa, na sasa kuna mtu anayekaa. Mzee hakuweza kuniambia, kwa hiyo aliituma kwangu bila neno, nguo ya mwili wake mwenyewe, mikononi mwa mkwe. Kemunto alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akalia, kisha akaniambia nianze kazi.

Jana nimefumua mkanda. Ndani, mahali ninapoandikia alama zangu kwa penseli kabla ya kukata, maandishi yangu bado yalisomeka: *kushoto, punguza inchi moja.* Niliandika mwenyewe, miaka minne iliyopita, baada ya kumwona mara moja mlangoni. Ndiyo maana ile suti ilimkaa vile. Nilikuwa nimeuona ule mguu alioushikilia juu, nikaushonea, nikauficha vizuri kwa kitambaa, nikaenda harusini kujisifu. Mkono wangu ulijua siku ile ile. Mimi ndiye niliyechelewa.

Basi mkija, benchi liko pale karibu na mlango. Ketini kwanza.